Nunua Joto Langu

"Mimi, bibi, tangu nizaliwe sijamuuliza mtu anataka nini," alisema Yeom Jae-gil huku akifunga aproni kiunoni. "Namtazama usoni mara moja, basi, nimemaliza."

Bibi yake, mwenye miaka themanini na moja na meno yake yote, alikuwa akipanga chupa za kijani kwenye rafu. Hakumbishia. Alimmiminia kikombe kidogo cha pombe baridi, ile inywewayo alfajiri ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka ili masikio yazibuke na mtu asikie habari njema miezi yote kumi na miwili.

"Kunywa," akamwambia. "Macho yako yamejisifu vya kutosha. Masikio nayo yapate kitu."

Jae-gil akanywa, akakunja uso, akawasha moto chini ya pipa la kukaangia ufuta.

Na tusimwonee, majivuno yake yalikuwa na mguu wa kusimamia. Imsil ya Korea ni mji wa watu wasiotaka kitu. Mwenye njaa hupita kukusalimia tu, kisha akasifu harufu ya mchuzi wako. Mwenye baridi husema nyumba yako ina madirisha makubwa. Mteja akileta ufuta wake ukaangwe na kukamuliwa, ukimuuliza uukaange mpaka wapi, atajibu, "Haidhuru, vyovyote tu," kisha atakwenda kwa mumewe kulalamika wiki mbili kwamba mafuta yana uchungu. Kwa hiyo Jae-gil, tangu arithi kinu cha marehemu babu yake, alijifunza kusoma nyuso. Huyu anapenda mafuta mepesi. Huyu anapenda meusi yenye moshi. Huyu hana haja ya mafuta, amekuja kusengenya. Kwa miaka sita alikosea mara chache, na zile alizokosea wateja walimwambia haidhuru, kwa hiyo hakuzihesabu.

Saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa bado halijaamua kuondoka, akasikia jina lake.

"Kaka Jae-gil."

Alikuwa Maeng So-ran, ng'ambo ya barabara, skafu imemfika puani, mikono ndani ya koti. So-ran alifanya kazi katika hospitali ndogo ya mji, akiwanyoosha wazee viuno na magoti, na ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu yeye na Jae-gil waanze kutembea pamoja kila Jumapili mpaka mtoni na kurudi. Mwanga wa taa ya duka ulimwangukia machoni. Jae-gil aliyaona macho hayo, moyo ukamruka kama ufuta kwenye pipa la moto, akafumba mdomo kwa vidole viwili.

Maana siku ile, kabla jua halijatoka, mtu akikuita kwa jina ukaitika, umekwisha. Atakwambia, "Nunua joto langu," na joto lake lote la kiangazi litahamia mgongoni kwako. Watu wazima wanajifanya ni mchezo wa watoto, lakini hakuna anayeitika. Na So-ran alikuwa mwuzaji hodari. Mwaka juzi alimwita kana kwamba ameanguka kwenye barafu. Jae-gil akatoka mbio akiitika, akauziwa, na kuanzia Juni akatokwa na vipele shingoni. Mwaka jana alimpigia simu. Akauziwa tena, na feni ya duka ikafa siku ya kwanza ya joto kali.

"Kaka Jae-gil," akaita mara ya pili, sauti ya chini kidogo.

Jae-gil akatikisa kichwa, akacheka bila kufungua midomo. Akamwonyesha kidole angani upande wa mashariki, maana yake subiri jua.

So-ran akavuka nusu ya barabara, akasimama. "Jae-gil," akasema mara ya tatu. Safari hii hakukuwa na kaka mbele yake. Mtu mwenye masikio yaliyozibuka angelisikia hilo. Jae-gil aliona tu kwamba mbinu imebadilika. Akageuka, akavuta swichi, kinu kikanguruma, naye akaanza kukamua mafuta kwa bidii ya mtu aliyeshinda.

Alipogeuka tena barabara ilikuwa tupu.

"Nimemponyoka, bibi," akasema. "Miaka mitatu, leo nimemponyoka."

Bibi alikuwa akipasua karanga kwa meno, kama desturi ya siku ile inavyotaka. "Alikuwa na uso gani?" akauliza.

"Uso wa biashara."

Bibi akatema ganda kiganjani. Akachukua karanga nyingine.

Jua lilipokwisha kutoka, aliingia mama So-ran na ufuta kilo mbili ndani ya mfuko. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana, aliyemlea bintiye kwa kuuza tofu sokoni, na ambaye hakuwahi kusema kwamba hampendi Jae-gil. Alisema mambo mengine. Alisema kwamba aproni ya ufuta hainuki vibaya, inanuka tu. Alisema kwamba nyumba yenye bibi wa miaka themanini na kinu cha miaka arobaini ni nyumba yenye historia. Jae-gil aliyasoma yote hayo, na kila mara alimwinamia na kumwongezea chupa moja.

"Nikaange mpaka wapi, mama?" aliuliza, kwa adabu tu, kwani alishajua. Uso ulikuwa umechoka, na uso uliochoka hutaka mafuta mepesi.

"Haidhuru. Vyovyote."

Akakaanga kidogo. Mama So-ran alikaa kwenye benchi, akautazama moshi mweupe ukipanda, akaanza kuzungumza na moshi. Akauambia kwamba So-ran amepata kazi Incheon, jiji la mbali, katika hospitali kubwa yenye bwawa la maji moto la wagonjwa. Kwamba shangazi yake huko ana chumba kitupu. Kwamba karibu na chumba hicho kuna mfamasia, mwanamume mtulivu, aliyefiwa na mbwa wake tu. Kwamba Incheon wanataka jibu leo, kabla usiku haujaingia, ama wampe mwingine.

Kijiko cha kukorogea kikasimama ndani ya pipa.

"Na yeye anasemaje?" Jae-gil aliuliza.

"Anasema haidhuru. Mimi nimemwambia aende. Mama gani amwambie mtoto asiende?" Akajifuta kitu kisichokuwepo gotini. "Mimi sitaki chochote. Mimi niko sawa tu."

Jae-gil akausoma uso ule, akaona maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: kaa mbali, mkaanga ufuta, usimfunge mwanangu miguu. Akampa mafuta yake. Yalikuwa mepesi kama chai ya mgonjwa. Mama So-ran akaiinua chupa kwenye mwanga, akaitazama muda, akasema ahsante, haidhuru.

Alipoondoka, Jae-gil akaanza hesabu zake. So-ran amejua habari hii kwa siku kadhaa na hakusema. Jumapili iliyopita, pale mtoni, alipomwambia kwamba majira ya machipuko wangepanda pamoja mpaka hekaluni, alijibu, "Ikiwezekana." Mtu anayetaka kubaki hasemi ikiwezekana. Kwa hiyo So-ran anataka kwenda, anamwonea haya, na alfajiri ile alicheza mchezo wa joto ili asizungumze jambo lenyewe. Limesomeka, limekwisha. Kilichobaki kwa mwanamume mwungwana ni kumrahisishia. Kwamba moyo wake ulikuwa umekauka kama mashudu kwenye kinu, hilo hakulisoma, kwani halikuwa usoni kwa mtu mwingine.

Alasiri mji wote ulikuwa kwenye konde la mpunga chini ya kilima. Vijana walikuwa wamesimamisha nyumba ya mwezi, matawi ya misonobari na mianzi yaliyopangwa mpaka urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Mwezi ukichungulia ingetiwa moto. Kuizunguka palikuwa na kamba ya majani ya mpunga, na kwenye kamba kila mtu alifunga karatasi ya ombi lake, iungue na kupanda juu. Ndiyo siku moja katika mwaka ambayo watu wa Imsil husema wanachotaka, na hata hapo hukisema kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Jae-gil ndiye aliyekuwa juu ya ngazi, msimamizi wa kufunga. Kwenye mkutano wa vijana yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba atakayefungua karatasi ya mwenzake hana adabu, na ombi lililosomwa na macho ya mtu haliungui vizuri.

Pembeni mama So-ran alikuwa akigawa tofu ya moto kwenye bakuli. So-ran akaja mpaka chini ya ngazi, akamwinulia karatasi mbili.

"Moja yangu, moja ya mama," alisema. "Zifunge juu. Mama anapenda juu. Hakusema, lakini anapenda."

Jae-gil akashuka ngazi, akazipokea. Pua ya So-ran ilikuwa nyekundu kwa baridi, na ukope mmoja ulikuwa umemwangukia shavuni. Angetaka kuutoa. Akatia mikono mfukoni.

"Nimesikia habari za Incheon," alisema. "Nzuri sana. Kuna bahari huko."

"Ipo."

"Na bwawa la maji moto."

"Lipo pia."

"Basi nenda. Kwa upande wangu usiwe na wasiwasi hata kidogo. Niko sawa."

So-ran akamtazama. Haukuwa mtazamo mrefu, lakini Jae-gil aliuona unapita juu ya uso wake wote, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba kwenye mtaa asioujua, asiipate, kisha aendelee na safari.

"Nani amekwambia nataka kwenda?" aliuliza.

"Hakuna haja ya kuambiwa. Imeandikwa usoni."

"Soma tena."

"So-ran..."

"Alfajiri nilikuita mara tatu."

Jae-gil akajaribu kucheka. "Sasa nikubali kununua joto lako mwaka wa tatu? Mimi ni mjinga, lakini si kwa kiwango hicho."

"Joto langu nilishamuuzia mama jikoni, kabla sijavaa viatu." Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na ndiyo maana liliuma. "Nilikuja kukuuliza kitu. Sikulala. Nikasema, nitamuuliza kabla mji haujaamka, nisije nikaona haya. Ukaniwashia mashine."

Upepo ukapita kwenye kamba, karatasi mia moja zikatetemeka pamoja. Jae-gil akaitoa mikono mfukoni.

"Ulitaka kuniuliza nini?"

"Ona," alisema So-ran. "Miaka miwili, leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza nataka nini." Akavuta skafu mpaka puani. "Umechelewa kidogo. Mwezi ukitoka nitawajibu Incheon. Wanasubiri ujumbe wangu."

Akaenda kumsaidia mama yake kugawa bakuli.

Jae-gil akapanda ngazi. Akafunga karatasi ya kwanza juu kabisa, kama alivyoagizwa. Ya pili ikabaki mkononi. Iliposhikwa mkononi ilikuwa nyepesi, lakini mkono ulichoka. Akashuka, akazunguka nyuma ya nyumba ya mwezi, upande wa kilima, ambako hakukuwa na watu. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Nyuma hakuangalia. Kisha yule msimamizi, mwenye hotuba kuhusu adabu, akafungua kunjo la kwanza, la pili, la tatu na la nne.

Palikuwa na mstari mmoja tu, kwa kalamu ya wino mweusi:

*Maeng So-ran asiende Incheon. Abaki hapa hapa.*

Akausoma mara mbili. Mwandiko wa So-ran hakuwahi kuuona, kwa kuwa miaka yote miwili waliandikiana kwa simu. Lakini watu huandika jina lao kwenye ombi ili mbingu zisikosee nyumba, kwa hiyo hakuwa na shaka. Ombi ni la So-ran. Alitaka kubaki, akaja alfajiri kulisema, akawashiwa mashine. Akaikunja karatasi haraka, vidole vikiwa vinene kwa baridi, akaifunga kwenye kamba, pembe moja ikiwa imechomoza.

Saa kumi na mbili jioni ngoma na upatu vilianza. Mwezi ulichungulia juu ya kilima, mkubwa, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na mzee mmoja akatia moto. Misonobari ikashika kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, kisha mianzi ikaanza kupasuka, pa, pa, na watu wakainama wakifikicha viganja na kuomba. Jae-gil alipita katikati yao akisukuma mabega, akamkuta So-ran ukingoni mwa konde, simu imewaka mkononi.

"Usitume bado," alisema.

So-ran akasubiri.

Jae-gil alikuwa na maneno mengi mazuri, kama kawaida yake, yote yakiwa yamezunguka nyumba bila kubisha hodi. Akayaacha. "Nataka usiende," alisema. Neno lile la kutaka lilikuwa geni mdomoni mwake, kama kiatu cha mtu mwingine. Akalivaa hivyo hivyo. "Nataka nikuone Jumatatu na Jumanne, si Jumapili tu. Nataka ukija dukani usiseme umepita tu. Nilikwambia niko sawa. Siko sawa. Tangu asubuhi nimeunguza ufuta wa watu wanne." Akasogea karibu zaidi. "Kama wewe unataka Incheon, nitakubebea sanduku mpaka kituoni, na sitakuwa sawa huko pia. Ulitaka kuniuliza nini alfajiri?"

Moto uliwapaka wote wawili rangi moja. So-ran aliishusha simu polepole.

"Hicho hicho," alisema. "Kama unataka nibaki. Nilitaka kulisikia kwa mdomo wako, si nilikisie. Mama anasema yuko sawa, wagonjwa wangu wanasema wako sawa, wanalia kwa maumivu ya goti na wako sawa. Nimechoka kukisia watu."

Akaivuta skafu chini ya kidevu. Kisha akamwita, bila kaka mbele. "Jae-gil."

"Naam," aliitika Jae-gil, haraka kiasi kwamba jirani mmoja aligeuka.

"Nunua joto langu."

Ilimchukua muda kuelewa. "Jua limeshazama. Na si umesema ulishamuuzia mama yako? Biashara hiyo haihesabiki."

"Basi Julai nitakuletea mwenyewe dukani."

Akainama juu ya simu, akaandika. Jae-gil aliona maneno ya samahani na shukrani, akaona kidole kikigusa kitufe cha kutuma. Halafu, kwa mara ya kwanza mbele ya mji mzima, akautoa ule ukope shavuni kwa So-ran. Ulikuwa umekaa pale tangu alasiri, ukimsubiri.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini furaha ikimpanda Jae-gil hupitia mdomoni.

"Na mimi nilijua," alisema, kifua mbele. "Kusema kweli nilijua kabla hujasema. Sihitaji kuambiwa. Namtazama mtu usoni, basi..."

"Aliisoma karatasi," ikasema sauti nyuma yake.

Mama So-ran alikuwa amesimama na bakuli la tofu mkononi, mvuke ukimpanda kidevuni. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama shahidi aliyeitwa barazani akiwa na shughuli nyingine.

"Nilikuwa nampelekea tofu nyuma kule, nikaona hajala tangu asubuhi," aliendelea. "Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akaisoma mara mbili. Na kuikunja kwenyewe hajui."

So-ran alimgeukia Jae-gil. Mianzi ikapasuka. Jae-gil akatafuta kitu cha kufanya na mikono yake, akakosa.

"Umesoma ombi langu?" So-ran aliuliza.

"Lako?" alisema mama. "La kwako lilikuwa juu kabisa, limeungua zamani. Hiyo aliyoisoma ni yangu, nilipita nikauona mwandiko wangu kwenye pembe iliyochomoza." Akamsukumia Jae-gil bakuli kifuani mpaka akalipokea. "Nimeandika abaki. Wewe sikukuandika."

Jae-gil alisimama na bakuli, masikio yakimwaka moto ambao haukutoka kwenye misonobari. Akauinua uso, akautazama uso wa mama So-ran, ule ule aliousoma asubuhi kwa herufi kubwa, na safari hii hakuona hata herufi moja. Kando yake So-ran alikuwa ameziba mdomo kwa skafu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama," Jae-gil alianza, "mimi nilikuwa..."

"Kula, inapoa. Na kesho nakuja na ufuta mwingine," alisema mama So-ran, akijifunga shali yake ya sufi mabegani. "Yale mafuta ya asubuhi ni maji. Nayataka meusi. Na usinitazame usoni, kijana. Nimeshasema."